Vipande Vyote vya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Oda mpya kazini. Vizibao mia moja na ishirini, kijani, mifuko minne kila kimoja. Vinakwenda kwenye ile nchi yenye vita. Wanaolipia ni wakubwa wa Magharibi – msaada. Msimamizi alitutangazia kwa sauti ya mtu anayesoma wosia: ni vya wauguzi, mifuko ni ya bandeji.

Mlinzi wetu wa getini, tunamwita Sajenti, alikuwa jeshini mpaka goti likamstaafisha. Akatia mkono kwenye mfuko wa sampuli.

"Bandeji inaingia," akasema. Akautia mkono tena. "Na magazini ya risasi inaingia."

Akarudi getini kwenye chai yake. Kutuachia sisi fumbo, yeye na chai!

Mimi ni mkataji tu. Nakata, wengine wanashona. Lakini nilimwangalia wifi, cherehani namba saba. Hakuinua kichwa. Mwanawe yuko kule kule.

Ni mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo ni wangu pia. Shangazi ni baba wa kike, ndevu tu ndizo zilizokosekana. Tunamwita Daktari tangu ana miaka sita, siku alipomdunga jogoo sindano ya mwiba. Jogoo hakupona. Baadaye akaenda kusomea udaktari wa kweli, vita vikamkuta mwaka wa tatu. Anasema yuko bwenini, anangoja barabara ifunguliwe atoke. Anasema hivyo tangu mwaka jana.

Jumanne, 4 Machi

Redio: bunge la wale wakubwa litapiga kura – waendelee kuipelekea ile nchi silaha na misaada, au waache. Nyumbani kwetu bunge limeshaanza. Wabunge wawili, na mimi ninayelala chumba cha uani, mtazamaji.

Kaka ni mwashi. Hubishana kama anavyojenga, tofali juu ya tofali. Wakiacha silaha mwezi mmoja tu, anasema, wote watakaa mezani, vita vitakwisha, mtoto atarudi. "Huwezi kuzima moto huku unamwaga mafuta ya taa."

"Baba Daktari, mwizi yuko mlangoni kwako. Nimwambie mwenye nyumba aweke panga chini, mkae mezani?"

"Wapiganapo tembo—"

"Usiniletee tembo! Mji ukianguka, bweni litasimama peke yake?"

Kaka akasema hao wanaosaidia hawamjui Daktari. Wifi akajibu: na wanaopiga mabomu wanamjua?

Kaka alipoongea nilitikisa kichwa kukubali. Wifi alipoongea nikatikisa kichwa. Shingo yangu ndiyo pekee iliyofanya kazi ya maana jioni hii. Kisha kaka akanigeukia: "Mdogo wangu, wewe unayesoma magazeti, amua."

Nikasema chai inachemka. Haikuwa hata jikoni.

Halafu wote wawili wakaomba dua kabla ya kula. Dua mbili zinazopingana, kwa mtoto mmoja. Huko juu wanapokea vipi, sijui.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Niandike ilivyokuwa, labda nitaelewa. Violezo vyangu navikata kwenye magazeti ya zamani. Shule niliiacha mapema; siasa yote ninayoijua nimeisoma kwenye mikono ya mashati na miguu ya suruali. Kwa hiyo kila jambo nalijua nusu. Habari zangu siku zote zimekatiwa kwapani.

Kiolezo cha kizibao, upande wa mbele wa kushoto, kilikuwa na makala kuhusu ile nchi. Mwandishi anasema msaada unarefusha vita. Aya inayofuata anasema bila msaada vita vingekwisha upesi, kwa ushindi wa wale wasiotakiwa kushinda. Nikasoma tena. Kwenye "kwa hiyo jambo la pekee linaloweza" – hapo ndipo pa shingo. Nilipakata mwenyewe kwa mkasi wangu!

Sasa, ukishakata kushoto unakigeuza kiolezo, upate kulia. Mtoto anajua. Lakini nyuma yake kulikuwa na tangazo la magodoro, na mimi nilikuwa bado natafuta jambo la pekee linaloweza. Sikugeuza. Nikawasha mashine, nikapita tabaka zote za kitambaa.

Vipande mia mbili na arobaini. Vyote vya kushoto.

Msimamizi hakupiga kelele. Aliketi. Mtu mnene yule, akiketi bila kuangalia kama kuna kiti, ujue.

Ijumaa, 7 Machi

Wifi ameokoa jahazi. Kitambaa kina uso na mgongo – uso unang'aa, umepakwa mpira wa kuzuia mvua, mgongo umefifia. Akachukua kipande cha kushoto, akakipindua mgongo nje, tayari ni cha kulia. Kila kizibao, kushoto kinang'aa, kulia kimefifia. Kama mtu aliyesimama nusu kivulini.

"Watadhani ni mtindo," akasema.

Msimamizi akakubali, kitambaa kingine hakuna. Wifi kachukua themanini ashone peke yake, hataki kusaidiwa. Nilimuuliza kwa nini. "Labda kimoja kitapita karibu naye, wifi."

Sikumkumbusha habari ya magazini ya risasi. Anaikumbuka.

Na mimi, nikitaka msaada usimame, nataka hizi cherehani zisimame. Maoni yangu yana tumbo. Siyaamini sana.

Jumatano, 19 Machi

Vizibao vimeondoka. Kura kule kwenye bunge imeahirishwa. Nyumbani haijaahirishwa. Kaka kahamia kiti cha mlangoni.

Jumapili, 6 Aprili

Daktari kanipigia mimi. Si baba, si mama.

Sauti nzito, si ya yule wa jogoo. Barabara ilifunguliwa wiki mbili zilizopita. Mabasi yaliondoka, wenzake wote wamepanda. Yeye hakupanda.

"Usiwaambie, shangazi."

"Unafanya nini huko?"

"Nasaidia."

"Unasaidia vipi? Na nini mkononi?"

Simu ikakatika. Au aliikata. Hata hilo sijui.

Mezani wifi anauliza mbona sili. Nikasema jino. Kesho nitalazimika kuwa na jino bovu.

Jumapili, 27 Aprili

Matokeo ya kura yanatangazwa leo. Kaka na wifi wako sebuleni na redio, kila mmoja upande wake. Mimi niko jikoni na daftari hili. Nimesema napika. Safari hii ni kweli.

Saa moja iliyopita imeingia picha. Daktari! Kakonda, ana ndevu, anacheka meno yote nje. Nimefurahi mpaka nikaketi. Halafu nikaona alichovaa.

Kizibao cha kijani. Kushoto kinang'aa. Kulia kimefifia.

Duniani kote havipo vingine. Ni kosa langu lile, limevaliwa na mwanangu.

Mifuko yote minne imejaa. Vifuniko vimefungwa. Nimeikuza picha mpaka uso wake ukawa vigae. Pembeni ya mfuko wa chini kinachungulia kitu cheupe. Bandeji? Karatasi? Jua limepiga kwenye chuma? Nikirudi nyuma ni bandeji. Nikisogea si bandeji. Nimesogea na kurudi mara ishirini, wali umeungua.

Chini kaandika: "Mwambie mama nakula. Picha usiwaonyeshe."

Redio imesema. Msaada utaendelea. Wamepita kwa kura chache.

Wifi amepiga kigelegele, akakikatiza katikati. Sasa nasikia mmoja analia, na kwa ukuta huu siwezi kujua ni nani. Wala sijui nimtakie nini yule aliye ndani ya kizibao: wampelekee zaidi, au waache.

"Mama Daktari, njoo ukae," kaka anasema. Kwa upole! Miezi miwili sijamsikia hivyo.

Hakukaa. Nasikia ndala zake, anakuja huku. Nimeilaza simu kifudifudi juu ya meza. Themanini alivishona yeye, mshono wake anaujua hata gizani—

Kasimama mlangoni. Macho mekundu, harufu ya wali hajaitaja. Anaangalia simu.

"Wifi," anasema, "igeuze."