Tambarare ya Gairo

Jumatano, 6 Novemba 2024
Tumefika Gairo. Kuanzia Dumila basi lilipanda tu, nikadhani juu tutakuta milima kama yetu. Hamna. Ukishamaliza kupanda, nchi inalala — tambarare, nyekundu, mpaka macho yanachoka. Mume wangu Luqmani alichota udongo wa shamba alilokodi, akauminya. "Huu hauendi popote," kasema. Aprili, kule kwetu juu ya Mlali, mlima uliporomoka na shamba la mama. Binti yetu alikuwa shambani. Tulichimba bila kumpata, mpaka mjomba Ahmadi akasema basi. Tukamsalia pale pale.

Alhamisi, 7 Novemba
Upepo. Hakuna pa kujikinga. Mto upo, ila ni mchanga mtupu. Unachimba kwa bakuli, unasubiri maji yajikusanye. Jirani yetu Ester kanionyesha. Mwanamke mwema. Akauliza waniite mama nani.
"Mama Sabra."
"Na Sabra yuko wapi?"
"Amebaki nyumbani."
Si uongo.

Jumapili, 10 Novemba
Mawingu yametoka mashariki, yakapita meupe, makavu. Ester anasema mvua inaishia kwenye milima yetu, wao huku wanapata masalio. Luqmani analima tu. Jana alicheka na mume wa Ester. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Aprili. Nilichukia — kisha nikamwonea huruma. Hapa analala. Kule, mvua ikigonga bati tu, alikuwa anatoka nje kuutazama mlima.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimeshinda mtoni na ndoo. Sina la kuandika.

Jumanne, 19 Novemba
Mjomba kapiga simu. Kule kumenyesha sana. Maji yamechimba kwenye udongo ulioporomoka, juu kidogo ya pale tulipochimba sisi. Wameona mifupa. Midogo.
"Nimekataza mtu asiguse, mwanangu, mpaka mje wazazi wake."
Luqmani hana habari. Namwona kutoka hapa mlangoni, anapanda mahindi kwenye udongo mkavu — ndivyo wanavyofanya huku, wanaitangulia mvua. Yuko mbali, lakini nchi hii haina kilima cha kumficha mtu. Nikitoka tu ataniona, na atausoma mwendo wangu njia nzima kabla sijafungua mdomo.
Nimejifunga ushungi. Nimesimama mlangoni.
Ameinua kichwa.