Wamerekodi Kwaya Juu ya Mjusi Wetu

Kamina, 1999. Jumamosi alasiri, mvua tangu asubuhi. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa, karani wa parokia, amefuta filamu ya Ntumba.

Ameifuta!

Haya, niandike polepole. Jana Papa Kasongo, anayefanya kazi kwenye treni ya Mwene-Ditu, aliniletea barua kutoka kwa Ntumba, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Miaka sita sikuwa nimeona mwandiko wake. Mama yake amefariki. Yeye anauza mahindi, ana watoto watatu. Halafu chini kabisa: mpe Papa Kasongo ile kaseti ya mjusi niliyokuachia, nataka kucheka tena. Hakuomba kitu kingine. Na Papa Kasongo anaondoka kesho mchana.

Basi leo nikaibeba hadi parokiani, maana wao wana video na jenereta, niione mara ya mwisho kabla haijaenda kwa mwenyewe. Nikaitia. Ikatokea kwaya! Kina mama wa kanisa letu na vitenge vyao vya kijani, wanaimba, wanayumba kulia, wanayumba kushoto, saa nzima na zaidi. Nilisubiri yote. Mwishoni picha ikachafuka, na mjusi, lile dubwana la mpira linalokula watu, akaonekana ameshakufa kando ya ziwa, askari wanapeana mikono. Hicho tu ndicho kilichobaki.

Ntumba alikuwa amevunja kale kajino ka plastiki nyuma ya kaseti ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Yaya aliitoa kwenye sanduku langu nikiwa shambani, akaziba tundu kwa plasta ya kidonda. Akili ya namna hiyo anayo!

Nilipomuuliza, hata hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari la ubatizo. “Mudogo yangu, ile nayo njo filme? Kamba inaonekana! Kwaya ilikosa kaseti, na mwenyewe alishakwenda. Hatarudi.”

Kamba inaonekana. Kama vile mimi sina macho!

Naijua ile kamba kuliko yeye. Inaonekana kila mjusi anapoinua mguu wa kushoto. Mjomba wa Ntumba aliirekodi filamu hiyo kwenye televisheni huko Ulaya, na Kifaransa chao kinaendelea hata midomo ikishafungwa. Gari jekundu linapondwa mara tatu, gari lile lile. Yule mama daktari anatoka ziwani na nywele kavu! Jumamosi mchana tulijaa sebuleni kwa akina Ntumba, naye anasimama kando ya televisheni anatutafsiria kwa Kiswahili, anaongeza na ya kwake. Ntumba alimpa mjusi sauti ya mkuu wetu wa shule: “Mimi niko na njala, munileteye baprofesa!” Tulicheka mpaka tumbo likauma. Filamu nzuri nimeziona, nyingine za tuzo. Hakuna hata moja iliyonipa raha ile.

Na leo askari wanalala ndani ya darasa ninalofundisha, ndege za vita zinashuka kambini kila siku, halafu mtu ananiambia mjusi wa mpira ni upuuzi. Mjusi wa mpira hajamfukuza mtu nyumbani kwake.

Ati alishakwenda. Hakwenda! Alifukuzwa, yeye na Wakasai wenzake, eti si wenyeji wa huku, wakalala gare, pale kituo cha treni, majuma mazima wakisubiri mabehewa, na mtaa huu huu ukagawana vitu vyao. Kiti anachokalia Yaya akiandika majina ya watoto wa ubatizo ni cha baba yake Ntumba. Hilo nilimwambia leo, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Baadaye akanishauri nimwambie Papa Kasongo kwamba kaseti ilipotea katika vita, kwani nani hajapoteza kitu katika vita hivi?

Ni uongo rahisi. Nimeufikiria zaidi ya mara moja, na hilo linanikasirisha kuliko kwaya.

Badala yake nimekaa nikamwandikia Ntumba filamu nzima, tangu wavuvi wa kwanza wanaoliwa. Kurasa tisa. Nimeweka kamba, nimeweka nywele kavu, gari nimeliponda mara tatu. Nimemwambia pia nani aliyefuta, na kwa plasta gani. Kuna mahali nilicheka peke yangu, halafu nikalia.

Lakini barua haijaisha, na sitaki kujifanya mtakatifu mbele ya Yaya. Ntumba alinipa ile kaseti pale gare, siku niliyompelekea unga wa mihogo. “Kesho urudi,” aliniambia, na mimi nikasema ndiyo. Kesho yake vijana waliowafukuza walikuwa wamesimama kwenye uzio wa gare, wanaangalia nani anamsalimia nani. Watu wote niliwaambia sikurudi kwa sababu nilikuwa na malaria. Hata mama yangu.

Ukurasa wa kumi nimeuanza sasa hivi. Papa Kasongo ataupokea kesho pamoja na zile nyingine, kabla sijapata nafasi ya kuuchana. Una mistari miwili tu:

Ntumba, nilirudi. Nilikuona unatafuta uso wangu kwenye uzio, nikainama, nikaenda nyumbani.