Ndagala juu ya plaki za sola

Jumatano, Gatete

Sijui nani alinidanganya nikubali kuwa prezida wa komite ya maji.

Leo jua lilikuwa la kuchoma, lakini pompi yetu ya sola ilitoa maji kama mtu anayejilazimisha kulia. Wamama walipanga mabidoni ya kuchotea maji kwenye robine ya bomba na kunirushia maneno. Nikaenda kuangalia plaki zinazokusanya jua. Zote zimefunikwa na ndagala, visamaki vya ziwani! Zimeanikwa vizuri kabisa, na pembeni amesimama mama mukwe wangu, anafukuza nzi.

Mwingine ningemfokea. Lakini mama mukwe? Kwa desturi yetu hata kumutazama usoni siwezi, sembuse kumwambia neno. Nikageukia pompi.

"Wewe pompi, wakikuachia jua, si utafanya kazi?"

Naye akaijibu pompi, kwa heshima zote: "Pompi, mwambie prezida kwamba chini iko mchanga na mbuzi. Hapa ni safi, tena zinakauka haraka."

Wamama walicheka mpaka mmoja akaangusha bidoni. Mama mukwe akazianua polepole, kama anayetufanyia hisani, na maji yakarudi.

Ila kikao cha kesho naogopa. Kanuni inasema anayegusa plaki anafungiwa maji wiki nzima. Ni mimi niliyeng'ang'ania iandikwe. Na huyo mama anachota maji kwa jina la nyumba yangu: akifungiwa yeye, tumefungiwa sote.

Jioni mke wangu ameleta ugali na ndagala kavu, hata chembe ya mchanga hakuna.

"Mama ametuma," akasema. "Anasema ni za pompi."

Nimekula sahani nzima kwa niaba ya pompi.