Mechi ya Kwanza Bila Masoud

Sur, Oman, Alhamisi, baada ya Magharibi. Joto limepungua kidogo, lakini kanzu bado inanata mgongoni.

Leo nimepiga filimbi bila Masoud.

Kwa miaka kumi na mmoja, kila Alhamisi baada ya Alasiri, alivuka daraja kutoka Aija, mtaa wa ng'ambo, na timu yake ya vijana, nami nikimngoja na yangu kwenye uwanja wa mchanga. Mechi za mazoezi tu, hazina kombe. Sisi wazee wawili tulisimama mstarini tukitaniana kwa Kiswahili cha kwetu Unguja.

"Sheikh, watoto wako wamekula biriani? Mbona miguu hainyanyuki?"

"Na wako je? Wakiuona mpira wanaukimbia kama wameona mbwa!"

Wiki iliyopita binti yake alimchukua akakae naye Maskati. Magoti yamemshinda.

Niseme kweli. Mechi hizi sikuzianzisha kwa ajili ya vijana. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka ule tulipoanza, na nyumbani kila ninalosema kwa Kiswahili hujibiwa kwa Kiarabu. Nilikuwa natafuta mtu wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo leo nilikwenda kusema basi, mechi hizi tuziache. Vijana wa Aija waliletwa na mwalimu mpya, Khalfan, kijana mwenye adabu, asiyejua Kiswahili hata neno. Nilipanga kumwambia mechi ikimalizika.

Dakika za mwisho tukawabana golini kwao. Kipa wao akapiga kelele: "Rudi! Rudi!" Kisha beki akapata mpira, na timu nzima ikamlilia: "Toa! Toa!"

Khalfan akamuuliza kipa, kwa Kiarabu, hiyo "rudi" na "toa" ni lugha gani.

Kipa akamshangaa. "Lugha gani tena, ustadh? Si ndivyo mpira unavyochezwa!"

Miaka yote hiyo wametusikia tukipayuka kwa Kiswahili mstarini, wakadhani dunia nzima hucheza mpira kwa maneno hayo. Nilicheka mpaka machozi. Nikageuka nimwambie Masoud.

Pembeni yangu palikuwa na chupa za maji tu.

Nilipopiga filimbi ya mwisho, Khalfan alinijia akanipa mkono. "Alhamisi ijayo, ami?"

Nikamjibu ndiyo, haraka, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa kitu.

Sasa nimekaa na chai yangu, najiuliza. Maneno mawili kwa wiki, tena kutoka kwa watoto wasiojua kuwa ni Kiswahili. Yatanitosha?