Usubi wa Profesa

Jumatatu, 3 Machi. Kyuso
Chai ya haraka, kisha lab. Nimemweka sungura kasha la kwanza, usubi wakashiba. Miaka yote hii na bado nashangaa: kainzi kadogo kuliko mbu, na ndiko kanakoleta kala-azar.

Kasha la pili, majike wamepungua tena. Hawakufa. Wangekufa ningeikuta mizoga chini. Kuna mtu anawatoa.

Mutua, fundi wetu wa lab, anasema ni siafu. Siafu hafungui kamba ya neti na kuifunga tena. Nimemtazama Mutua vibaya siku nzima.

Prof, mkuu wa mradi wetu, alikuja saa nne, barakoa usoni, shati la mikono mirefu. Joto hili! Anasema ni vumbi. Vumbi la Kyuso halikuanza jana.

Jumatano, 5 Machi
Siku mbaya. Mama Hamdi alimleta mtoto wake kliniki, nikaitwa kusaidia kupima. Homa ya wiki nyingi, tumbo limevimba, wengu umeshuka hadi karibu na kitovu. Hamdi ana miaka sita, miguu kama vijiti. Kipimo kimeonyesha kala-azar. Ambulensi imempeleka hospitali kuanza sindano.

Sokoni maneno yameshaanza. Ati ugonjwa umekuja na mbuzi wa Wasomali kutoka kaskazini. Familia ya Hamdi imeuza mbuzi hapa tangu babu yake. Leo hakuna aliyenunua maziwa ya mama yake. Nilimwambia muuza ndengu kwamba mbuzi hawahusiki kabisa. Akacheka. "Wewe daktari, hao ni wateja wako, lazima uwatetee."

Prof amepanga chumba katika boma la kina Hamdi tangu Oktoba. Nilidhani atakuja kliniki. Hakuja.

Alhamisi, 6 Machi
Prof amechukua ufunguo wa stoo. Ati anapanga vifaa. Mutua hana habari. Mimi sina habari.

Mutua si mwizi. Nimemwonea.

Jumamosi, 8 Machi
Amenidanganya. Alisema anaenda matanga Migwani. Mutua alikuwa Migwani leo kwa shemeji yake, na hakuna matanga yoyote. Gari la Prof lilikuwa nyuma ya stoo.

Nimempigia simu rafiki niliyesoma naye, yuko Nairobi. Akasita, kisha akasema Prof amewaandikia wenzake kwamba ana "jambo jipya kutoka Kyuso" na atalitangaza karibuni.

Jambo gani jipya? Kazi mpya Kyuso ni yangu. Makasha ni yangu. Mimi ndiye niliyekesha na hao wadudu wakafa wote mara mbili, nikaanza upya. Sina kazi ya kudumu, nina mkataba unaoisha mwaka huu. Yeye ana jina tayari. Alilipata ujanani, akizunguka na karatasi za mafuta za kunasia usubi, akizichomeka kwenye vichuguu wanamoishi, huku watu wakimwita mchawi. Alitoka bila viatu huko Mbooni hadi akawa mtu anayetajwa kwenye mikutano ya ng'ambo. Bado haimtoshi?

Yeye ndiye aliyenifundisha kumpasua usubi kwa sindano mbili. "Usipumue, Mwikali, utampeperusha." Nilimpenda kama baba. Leo namwogopa. Hapana. Leo namchukia.

Jumatatu, 10 Machi
Nilimwambia Prof nashinda vichuguuni. Nikarudi saa sita. Mlango wa stoo ulikuwa umerudishwa tu, nikausukuma.

Giza. Amefunika dirisha kwa kitambaa cheusi. Prof ameketi juu ya kreti, mkono wazi, na juu ya mkono kikombe kilichofungwa neti. Ndani yake usubi wangu wanamnywa damu.

"Funga mlango, Mwikali. Watatoka."

Nikafunga. Sijui kwa nini nilitii. Nikawasha tochi ya simu. Hakuwa na barakoa. Kuzunguka mdomo, mashavuni, hadi shingoni, uso umejaa vipele na mabaka meupe. Nimeona nyuso kama hizo kwenye picha anazoonyesha yeye mwenyewe darasani.

Alikuwa na kala-azar. Akatibiwa, akapona. Kisha vimelea vikabaki kwenye ngozi.

Nilitoka nikaketi kwenye gari la mradi.

Jumanne, 11 Machi
Ameeleza yote. Alipata ugonjwa huku huku, akatibiwa Nairobi miaka miwili iliyopita. Alituambia ni taifodi. Aliona aibu, mtaalamu wa usubi kuumwa na usubi. Vipele vilianza mwaka jana. Badala ya kwenda kwa daktari alirudi Kyuso. Alitaka kujua kama usubi safi, waliozaliwa kwenye kasha, wakimnywa yeye wataokota vimelea.

"Kwa hivyo jambo jipya ni wewe," nikasema.

"Ni mimi."

Nilipumua. Hakuniibia kazi. Ndilo wazo langu la kwanza, na linaniudhi kuliandika. Hamdi alikuja akilini baadaye.

"Prof, jioni ulikuwa ukiketi wapi, kule kwa kina Hamdi?"

"Nje. Mkekani. Hamdi alikuwa akinisomea vitabu vyake vya shule."

Kuna kichuguu nyuma ya jiko lao. Nakijua, nimeweka mitego hapo, usubi wamejaa.

"Na ulikuwa unanyamaza mpaka lini?"

"Mpaka niwe na hakika."

Nilimwambia hakika yake imelala hospitalini na sindano pajani. Sijawahi kumjibu hivyo. Alikubali kwa kichwa tu.

Bado simwamini. Mtu aliyeficha uso miezi yote hii anaweza kuwa ameficha na mengine.

Alhamisi, 13 Machi
Wale waliokunywa damu yake wiki iliyopita walikuwa tayari. Alitaka niwapasue mimi. "Nikiangalia mimi nitaona ninachotaka." Sikujua ni kipi anachotaka.

Wa kwanza hana vimelea. Wa pili hana. Nikaanza kuomba. Wa tatu, chini ya darubini, tumbo zima linachezacheza. Vimelea vyembamba, vyenye mikia, vinaogelea.

"Vipo," nikasema.

Hakuomba kuangalia. Alivua barakoa, akaiweka mfukoni.

Ijumaa, 14 Machi
Tumeenda kwa Mama Hamdi baada ya swala ya Ijumaa. Amerudi siku mbili kuangalia mifugo, bibi yuko na mtoto hospitalini. Prof alisema yote akiwa amesimama. Hakuzunguka.

Mama Hamdi alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo si mbuzi zetu."

"Si mbuzi zenu. Haikuwahi kuwa mbuzi."

"Ni wewe?"

"Labda ni mimi, Mama Hamdi. Labda ni usubi waliotoka kwa mtu mwingine kabla yangu. Siwezi kujua. Lakini nilikaa hapa nikijua hali yangu."

Akamtazama muda mrefu. "Mwanangu alikuwa akikuita babu." Kisha: "Mimi umeniambia. Sasa waambie hao wanaokataa maziwa yangu."

Akaniletea chai. Prof hakupewa.

Jumatatu, 17 Machi
Baraza kwa chifu. Watu wengi, wengine wamekuja kwa umbea. Prof alisimama bila barakoa, juani. Akasema kwa Kikamba, polepole. Huu uso wangu ndio ugonjwa wenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nao, si watu wa Hamdi, si mbuzi wao. Mwenye alama kama hizi aje atibiwe, asijifiche kama mimi.

Mzee mmoja akapaza sauti: "Tulisema zamani, wewe ni mchawi." Wengine wakacheka, wengine wakasogea nyuma. Muuza ndengu alikuwa akitazama viatu vyake.

Nilimtazama Prof nikitafuta kama anafurahia kutazamwa. Hiyo ndiyo hali yangu sasa, namchunguza hata anapofanya jema. Sikuona furaha. Niliona mzee aliyechoka, jasho limelowesha kola.

Baada ya baraza mwanamke wa Ngomeni alinivuta kando, akafungua leso ya mtoto mgongoni. Vipele mdomoni. Alikuwa akimpaka mafuta ya mbuzi kwa miezi.

Jumapili, 25 Mei. Mbooni
Nimefika kwa Prof mchana. Bado anatibiwa, amekonda, ila mashavu yameanza kuwa na rangi moja. Mkewe, Mama Ndinda, alikuwa barazani akimenya mbaazi. Hata yeye hakuwa ameambiwa kitu miaka yote miwili. Anamhudumia vizuri, lakini anaongea naye kidogo.

Nilibeba nakala ya ripoti ya majaribio yetu kwenye mkoba. Prof hakuiuliza, sikuitoa.

Aliuliza kuhusu Hamdi. Nikamwambia yuko nyumbani, tumbo limerudi, ameanza shule tena.

"Anasoma?"

"Anasoma."

Tulikaa tukisikiliza mbaazi zikianguka kwenye sufuria. Nilitaka kumwambia nimemsamehe. Sijui kama ni kweli, na si mimi wa kusamehe.

Jua lilipoanza kushuka Mama Ndinda aliinuka akafunga madirisha yote, moja baada ya jingine. Huku milimani hakuna usubi, baridi hii hawaiwezi. Prof anajua hilo kuliko mtu yeyote. Alimtazama tu, akavuta kiti chake kidogo, mkewe apite.