Fungu la Omolo

Kawempe, Kampala
9 Machi 1975

Mpendwa wifi Ajwang,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani, na mama anaendeleaje na magoti yake? Watoto wanakua? Mvua imefika Kisumu, au bado mnayatazama mawingu tu? Sisi huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Dada yangu Amito anakusalimu. Najua kwa haki wewe ni wifi yake yeye, aliyeolewa na kaka yako, lakini tangu siku ya harusi nilikunyakua nikakufanya wangu, na sijasikia ukilalamika.

Usishangae kuona barua hii haina stempu. Nimempa Oketch, yule mpishi wa treni, aiweke mkononi mwako mwenyewe. Uliniambia ile ya Krismasi ilikufikia ikiwa na gundi mbichi. Mimi sina siri na posta, ila posta inaonekana ina hamu kubwa na mimi. Mwulize Oketch kama kuna mtu aliyeishika njiani, kisha ukishaisoma itie motoni jikoni.

Uliniuliza habari za kaka yako Omolo. Tangu gari lile limchukue mwaka jana, mchana kweupe, mbele ya duka lake la Kansanga, hatukupata neno. Tuliuliza kila kituo na hakuna aliyekubali kumjua. Hatukumlilia, maana kulia ni kukubali. Leo nina jibu, lakini limetokea kazini kwangu, kwa hiyo nivumilie nianzie huko. Tafadhali isome ukiwa umeketi.

Kazi yangu unaijua. Ghala letu linapokea sukari, sabuni na chumvi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiamua lori liende wapi. Nilikuwa napiga simu, nasikiliza madereva, najua kwamba wavuvi wa Ggaba wakipata samaki wengi chumvi itakwisha upesi. Sasa, tangu Wahindi wafukuzwe, ghala lina bwana mpya, afande mmoja tunayemwita Mkubwa tu. Yeye amechoka na simu zangu. Akaleta mashine.

Ni kubwa kama kabati la sakristia na ina kelele kuliko soko. Kila duka lina kadi yake. Kijana mmoja, Ocen, anaitoboa matundu kuonyesha duka limechukua nini, mashine inazimeza kadi zote, halafu inapiga chapa yenyewe nani apewe nini na kwa lori lipi. Mimi nimebakia kubandika hiyo karatasi ukutani.

Niliichukia siku ile ile, na si kwa ajili ya kazi yangu peke yake. Kitu kinachojua leo kila duka linachukua sukari kiasi gani, kesho kitajua pia ni nani anayepikia wageni chai. Na huyo Ocen sikumpenda. Viatu vyake vinang'aa mno. Anakula peke yake na habishani habari za mpira. Mwanamume wa Kampala asiyebishana habari za mpira, wifi, huyo anasikiliza. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Sasa sisi wa ghalani tuna desturi yetu ambayo hatujamweleza mkubwa yeyote. Mtu akichukuliwa, fungu lake haliguswi. Wapakizi hulipakia kwanza, kabla ya mengine yote, na dereva huliteremsha kwake bila kusema neno. Jina halifutwi. Kufuta jina la mtu ambaye hukuuona mwili wake ni kumwua kwa mkono wako mwenyewe, na hakuna kati yetu anayeutaka mkosi huo.

Kwa hiyo Ocen alipopita na kadi zake, akauliza, “Huyu Omolo wa Kansanga iko?” nilijibu, “Iko.” Nikajifanya natafuta kalamu. Hata ukweli ningempa, ningejuaje anaupeleka wapi?

Hapo ndipo nilipokosea. Mashine haimshuku mtu. Iliona Omolo anachukua fungu lake lote, hachelewi, hanung'uniki, harudishi sabuni iliyolowa maji. Wenye maduka wote hulalamika, ni Amito tu, aliyebaki kuliendesha duka la mumewe, aliyekuwa anaogopa kufungua mdomo. Basi mashine ikampenda. Ikamwongezea, ikamwongezea tena, mpaka Amito akawa anaficha magunia mvunguni mwa kitanda majirani wasije wakasema anafanya magendo. Mwishowe ikatoa kwamba Omolo ndiye mwenye duka bora kuliko wote wa Barabara ya Ggaba.

Mkubwa akafurahi sana. “Mi nataka ona hii mtu,” alisema. “Nataka pa yeye kazi ya maduka yote mpaka Ggaba. Leta yeye Jumatatu.”

Wifi, hebu niambie. Wamchukue wao, halafu wamwite wampe mkono? Nilidhani wamekwisha kujua, na wanataka kuona ni nani anayekula kwa jina la mtu aliyepotea. Tulikaa jikoni kwa Amito tukaligeuza neno hili huku na huku. Tukisema amekwenda Kisumu, ataitwa mtoro na duka litapewa mtu mwingine. Tukisema ni mgonjwa, wataulizia hospitali. Nikamwambia, basi sema amekufa. Amito akanitazama kama adui yake. Alisema mdomo wake hautalitoa neno hilo, hata wamfanye nini.

Jumatatu akaja amevaa gomesi yake ya kanisani. Mkubwa alikuwa anacheka, ameagiza na soda.

“Wapi Omolo? Iko ogopa mimi?”

“Afande, walichukua yeye,” Amito akasema. “Gari ilikuja mchana. Watu mingi iliona.”

“Nani ilichukua?”

“Mi sijui, afande. Waliweka yeye kwa buti ya gari.”

Kicheko kikaisha. Ocen alikuwa amesimama karibu na mashine, kadi iko mkononi, na nilimwangalia nikitaka kuona kama atashangaa. Alitazama sakafu. Mkubwa akainua simu, akatugeuzia mgongo. Alitaja jina zima la kaka yako, akataja Kansanga, kisha akawa anasikiliza tu. Alipoirudisha simu hakumtazama Amito. Alimtazama Ocen.

“Weka jina ya mama,” akasema. “Ile ingine toa. Ile hapana rudi.”

Ndivyo tulivyojua, wifi yangu. Kaka yako amekufa. Hakuna aliyetuambia lini wala wapi, na sina kaburi la kukuonyesha. Nisamehe kwa kukupa habari hii kwa karatasi.

Ocen alimwuliza Amito jina lake kwa sauti ya chini, akatoboa kadi mpya. Tundu la kwanza alilikosea, akachukua kadi nyingine. Bado simwamini, ila nakuandikia nilivyoona. Amito hakulia. Alimshukuru Mkubwa, hebu fikiria, alimshukuru, tukatoka. Na kesho yake fungu la Kansanga lilipakiwa kwa zamu, pamoja na mengine. Wapakizi hawakuhitaji kuelezwa.

Huku hatuwezi kuweka matanga. Ukimlilia mtu ambaye hawajasema wamemwua, utaulizwa umejuaje. Omolo aliwahi kunieleza kwamba kwenu mtu akipotea ziwani na mwili usionekane, mnazika yago, lile tunda la mwegea, ili awe na mahali pake nyumbani. Mwambie mama polepole, na asiwe peke yake. Kisha mzikieni yago kwenye boma la baba yake.

Nisalimie mama, nisalimie shemeji na watoto, na jirani yako Nasike aliyenifundisha kusuka vikapu. Mungu awafunike kwa mkono wake, na awaepushe na kila jicho lisilo na urafiki.

Amito amevaa nguo zake za kila siku, anapima sukari na kuwachekea wanunuzi. Ananiomba niongeze jambo moja. Siku mtakapozika, ukishapiga yowe lako la dada, upige na la mke. La kwake bado liko kifuani.

Wako akupendaye,
Rosalba