Watu wa Kwenye Basi

Baba,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu salamu zingekuwa uongo.

Huu ni mwaka wa tatu tangu walipokuleta kutoka vitani ng'ambo, ndani ya jeneza lenye bendera. Tulikuzika Gulu. Bunduki zilipigwa hewani, afande mmoja akasoma jina lako lote, hata lile la babu ambalo Mama hakuwahi kulisikia. Redio ilikutaja. Nililia, lakini pia nilivimba kichwa. Kazini kwangu Nakasero, ninakolinda geti la ofisi, waliniita binti wa shujaa, nami nikawaacha waniite.

Mama amepungua mwili. Kila Jumapili bado anapiga pasi shati lako la sare, kana kwamba Jumatatu utaripoti.

Mwezi uliopita tulikufanyia misa ya kumbukumbu, kisha watu wakaja kula kwetu Kawempe. Koplo Okot alikuja, yule uliyekuwa naye garini siku uliyouawa. Siku hizi anatembelea mkongojo. Wageni walimwomba asimulie, akasimulia vizuri. Bomu lilivyolipuka chini ya gari lenu. Ulivyotoka unatambaa, tumbo limechanika, ukaikamata rashasha. "Mzee alipiga mpaka pumzi ya mwisho," akasema. "Lile basi lililokuwa linakuja nyuma yetu halikubaki na mtu."

Shangazi akapiga kigelegele.

Nikauliza, kwenye basi kulikuwa na nani?

Okot alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Watu tu," akasema. "Walikuwa wanatoka sokoni."

Watu tu, Baba.

Nikauliza kama walikuwa na silaha. Akasema walikuwa na ndizi na mafuta ya kupikia, lakini mngejuaje, kule kila mtu ni adui. Hapo Mjomba Otim akasimama. "Baba yako yuko kaburini, wewe unalilia watu usiowajua? Wetu wangapi wamekufa kwa ajili ya hao?" Nikamjibu kwamba wetu tunawajua mmoja mmoja, kwa jina na kwa cheo, lakini wa kwenye basi hata Okot hajui walikuwa wangapi. Akanyanyua mkono. Mama ndiye aliyeniambia nitoke nje. Tangu siku hiyo ananiwekea chakula mezani bila kunisemesha.

Usidhani sielewi. Mimi pia nashika bunduki. Siku moja bomba la moshi la pikipiki ya boda lililipuka karibu na geti, kidole changu kikafika kwenye kifyatulio kabla akili haijafika. Mbele yangu alikuwa mama anayeuza karanga. Alinitazama. Sijanunua karanga kwake tena, siwezi.

Kwa hiyo naelewa, na bado nimekukasirikia. Ulikuwa umechanika na unaogopa. Nao walichanika, nao waliogopa, na hakuna aliyewapigia kigelegele. Nikijaribu kuwapima na wewe, unawazidi uzito kila mara, kwa sababu wewe ndiye uliyenisuka nywele Mama alipolazwa. Ulinisuka vibaya, ukaniita "afande mdogo" ili nisilie. Lakini hao nao kuna mtu waliyemsuka nywele. Ulijua hilo? Uliwahi kuniambia kwenye simu, "Watu wa huku wamezoea kufa." Nilicheka, Baba. Wewe ulisema, mimi nikacheka.

Hakuna aliyezoea.

Okot alikuwa amenitajia mji lilikotoka lile basi. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kisenyi, wanakoishi wengi waliokimbia nchi ile, nikaulizia mpaka nikaelekezwa kwa mwanamke wa mji huo anayeuza vitambaa. Nilimwambia bila kuzunguka kwamba baba yangu aliwaua watu waliokuwa wanatoka sokoni kwa basi. Alikikunja kitambaa alichokuwa ananionyesha. Akakikunjua, akakikunja tena. "Toka," akasema.

Nilirudi Jumamosi ya pili, akanifukuza mbele ya wateja. Ya tatu alitaja jina moja la mtu aliyekuwa kwenye lile basi, Sahra. Alikuwa anauza maziwa. Alikuwa mke wa binamu wa huyo mwuza vitambaa. Akaniambia nisithubutu kumwomba msamaha, kwa sababu si wake kuutoa. Sikuomba. Hakunikaribisha kukaa, na sikutegemea anikaribishe.

Ningeweza kuliacha hapo. Mama angenisemesha tena, Mjomba angetulia, nawe ungebaki pichani ukutani na kofia yako. Nimejaribu siku mbili tatu. Nimeshindwa.

Desemba tutakuja Gulu kwa ibada kaburini kwako. Nitapalilia kaburi lako kwa mikono yangu, sitamwachia mtu. Padri akimaliza kusoma jina lako, nitalitaja la Sahra kwa sauti, Mjomba akitaka anipige mbele ya watu wote. Kisha nitarudi Kisenyi, Jumamosi baada ya Jumamosi, hata nikifukuzwa, mpaka kila aliyekuwa kwenye lile basi awe na jina.

Lala, Baba. Shujaa sikuiti tena. Nakuita baba, na hilo siwezi kuliacha hata nikitaka.

Mwanao,
Akello